Kopo la Iliki

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja mjane, mpika maandazi. Lakini kabla ya mama huyu, hebu kumbukeni kwanza mapumziko ya asubuhi shuleni: kengele imelia, vumbi linatimka, na pale getini kuna beseni lililofunikwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikifunuliwa, harufu ya iliki inakukuta ungali darasani. Beseni lile lilikuwa lake. Iliki aliitwanga mwenyewe, akaihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga.

Miaka ikapita. Shemeji yake, mtu mwenye mtaji, akamjengea banda la bati, akaleta mashine ya kukandia, akaajiri vijana. Barabarani akasimamisha kibao chenye jina la mama. Mama akafurahi. Nani asingefurahi?

Kisha wakasikia kwamba zabuni ya serikali ya kupeleka maandazi shule ya bweni imetengwa kwa biashara ndogo za wanawake. Wakaomba kuthibitishwa kwamba biashara ni ya mama. Wakithibitishwa, kazi ni yao. Wakikataliwa, shemeji alikwisha kusema atang'oa mashine aipeleke kwingine, na mama arudi kwenye beseni lake, naye magoti yake sasa ni ya kizee.

Siku ya ukaguzi shemeji akavaa aproni. Akaja afisa kijana, mpole.

"Na huyu ni nani?"

"Mimi mkandaji tu, mheshimiwa," shemeji akasema. "Mwenye mali ni mama."

Vijana wakainamia unga ili wasionekane wanacheka.

Afisa akapitia karatasi zote. Zilikuwa sawa. Akapewa andazi la moto, akalitafuna polepole.

"Mama, mimi nimesoma shule ile ya hapo chini. Maandazi yako nayajua. Iliki iko wapi?"

"Tuliiacha, mwanangu. Ni ghali."

"Nani aliamua?"

Mkandaji akakohoa.

"Basi, ya zamani tuyaache. Kesho ukitaka kuirudisha, utairudisha?"

Uso wa mama ukakunjuka, maana hili aliliona rahisi. "Hilo dogo, mwanangu. Nitamwomba shemeji."

Afisa akaliweka andazi mezani. Akamtazama mkandaji, akafunga faili. Zabuni ikaenda kwa wengine.

Mnacheka. Lakini niambieni, kibao kilikuwa cha uongo? Jina lilikuwa lake kweli. Kilichokosekana ni kauli yake ndani ya banda lake.

Na sisi tuna kibao. Tunaitwa Wakristo. Wengi humu mmekulia katika nyumba ambazo mpita njia alijua tu kwamba hapa wanasali, kwa jinsi mgeni alivyokaribishwa, kwa jinsi bibi alivyoimba akichochea moto. Leo kibao chetu ni kikubwa kuliko cha bibi. Ila mtu aliyetujua zamani akiingia, akayaonja maisha yetu, akauliza, "Ule msamaha wenu uko wapi?", tutamjibu nini? Kwamba ni ghali? Na akiuliza kama tunaweza kuurudisha kesho, tutamwomba nani ruhusa? Ukoo? Majirani? Mfuko? Jina mlangoni ni la Bwana. Humo ndani, nani ana kauli?

Kopo la yule mama bado liko rafuni. Ni tupu, miaka sasa. Lakini ukilifungua, linanukia.