Onja Kwanza, Jirani

Paukwa!
— Pakawa!
Mbona sauti ndogo, hamjala? Paukwa!
— Pakawaaa!

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakiombana chumvi, palikuwa na Bi Paa. Aliolewa zamani, mtoto hana. Akaomba, akangoja, akachoka kungoja. Mwezi mmoja siku zake zisionekane. Furaha iliyoje! Lakini bibi yake alimuusia: mimba changa haitangazwi, watu wana macho. Akanyamaza.

Tumbo ndilo lililokataa kunyamaza. Asubuhi anatapika, mchana anatapika, akinusa kitunguu ndiyo kabisa. Na majirani mnawajua: ukikohoa wewe, mwenzio keshachemsha majani.

Akaja Mama Ngiri na kikombe cha mizizi. "Jirani, hayo minyoo. Kunywa, usafishe tumbo!"

Bi Paa akaingiwa na hofu. Tumbo lisafishwe, na aliyemo je? Kusema hasemi, kukataa ni ufidhuli. Akakumbuka desturi ya kwao: mleta kitu huonja kwanza. Akaimba:

"Onja kwanza, jirani, onja,
nami nione ukishaonja!"

Ngiri akapiga funda. Lo! Tumbo likanguruma, akatimka kichakani, mkia wima. Mpaka leo akikimbia haushuki.

Akaja Kima. "Shoga, hiyo homa. Chukua vidonge nilivyobakiza nilipougua mwaka juzi."

"Onja kwanza, jirani, onja,
nami nione ukishaonja!"

Kima akameza. Akaanza kujikuna: kichwani, kwapani, na kwingine sisemi, kuna watoto hapa. Mpaka leo anajikuna.

Akaja Fisi mchuuzi na chupa yake. "Dawa ya yote! Homa, kichefuchefu, mume mkorofi!"

Siku hiyo Bi Paa alikuwa hoi. Akaipokea chupa, akaifikisha mdomoni. Mnasemaje, anywe?

— Asinywe!

Basi mkono wake mwingine ulikuwa juu ya tumbo. Akaishusha chupa, akaimba:

"Onja kwanza, jirani, onja,
nami nione ukishaonja!"

Fisi akasita, lakini wateja waliomfuata wanamtazama. Akagugumia. Akacheka. La kuchekesha hakuna, anacheka! Akaondoka anacheka, na mpaka leo mnamsikia.

Mwisho akaja mkunga, Bi Kobe, polepole, mikono mitupu.

"Onja kwanza…" Bi Paa akaanza.

"Nionje nini, mwanangu? Nimekuja na swali tu. Siku zako umeziona lini?"

Bi Paa akatazama chini. Bibi yake alisema anyamaze. Lakini alimtaka mtoto huyu kuliko kitu chochote. Akamnong'oneza.

Bi Kobe akashangilia hadi gamba likagonga ukuta. "Wafiche wenye macho, mwenye dawa usimfiche. Mficha uchi hazai! Asubuhi tafuna muhogo mkavu kabla hujainuka, kula kidogo kidogo. Ukizidiwa niite. Na dawa yoyote, hata ya kichwa, niulize kwanza."

Bi Paa akafuata. Mimba ikakua, mtoto akazaliwa, masikio makubwa, kelele kubwa zaidi. Mama Ngiri akaja mbio kumwona, mkia juu, machozi yanamtoka.

"Jirani! Kumbe ilikuwa mimba? Si ungesema, ningekupikia uji!"

"Haya, kaupike sasa," akasema Bi Paa. "Lakini…"

Ngiri akamalizia mwenyewe: "Najua, najua. Naonja kwanza!"

Ngano yangu imekwisha, bakuli ni hilo, lilambeni. Aliyeonja wa kwanza ni mimi, na tumbo langu salama.