Kiboko Aliyekasirishwa na Kila Salamu

— Hadithi, hadithi!
— Njoo, tumeshakaa!
— Nije na uchungu au na utamu?
— Na utamu! Uchungu tunao nyumbani!

Haya, sogeeni. Na wewe unayesinzia huko nyuma, mtikise mwenzio, naye pia anasinzia.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na majiko kama sisi, palikuwa na mto unaitwa Kilulu. Upande huu wa mto waliishi majirani wanne. Swala alikuwa Mwislamu, na kwa jina lile angekuwa nani tena? Tausi alikuwa Mhindu, na Diwali ikifika aliwasha taa mpaka mkiani. Kanga alikuwa wa kanisani, na vitoto vyake kumi na kimoja vilijaza benchi zima. Wa nne alikuwa Pimbi, kajinyama kasiko na mkia, kadogo kama sungura. Pimbi alionekana popote palipokuwa na chungu kinachochemka.

Ng'ambo ya mto aliishi Bi Kobe, peke yake. Ndiye aliyewalea wote walipokuwa wadogo. Sasa alikuwa mzee, mguu umevunjika, hapiki wala havuki. Kwa hiyo kila sikukuu, mwenye sikukuu alimpelekea sahani. Dini yake mwenyewe hakuna aliyeijua. Ukimwambia Idi Mubarak, anaitikia. Ukimwambia Krismasi njema, anaitikia, tena anauliza kama kuna kachumbari.

Basi. Mwaka mmoja Kiboko akahamia kivukoni.

Ikafika Idi Kubwa. Swala akapika biriani, akaifunika kwa kawa, akashuka mtoni. Maji yakafanya blupu, blupu, mbwaaa! Kiboko akatokeza, akaziba njia.

"Nisalimie!"

"Idi Mubarak, Bwana Kiboko."

"Ati nini? Idi Mubarak, mimi? Mimi Mkristo, mtoto wa kanisa! Umenivunjia heshima. Weka sahani chini."

Swala akaweka. Kiboko akafungua mdomo. Kwaa! Mlyamlya! Sahani ikarudi nyeupe.

Ikafika Diwali. Tausi akatengeneza ladu na sambusa za viazi, akashuka mtoni. Blupu, blupu, mbwaaa!

"Nisalimie!"

Tausi alikuwa amesikia yaliyompata Swala. Akasema kwa adabu, "Krismasi njema ya mapema, Bwana Kiboko."

"Ati nini? Krismasi, mimi? Mimi Mwislamu, mtoto wa madrasa! Umenivunjia heshima. Weka sahani chini."

Kwaa! Mlyamlya!

Ikafika Krismasi. Kanga akashuka na pilau, na vitoto vyote kumi na kimoja nyuma yake. Naye alikuwa amesikia. Akasema, "Idi Mubarak, Bwana Kiboko."

"Idi, mimi? Mimi Mhindu, nawasha taa za Diwali! Weka sahani chini."

Kwaa! Vitoto vikalia pii pii pii mpaka nyumbani.

Mwaka Mpya Swala akajaribu kupita kimya, hakusema neno. Kiboko akafoka, "Hata salamu huna? Unanibagua!" Mlyamlya. Tausi naye akajaribu kusema tu, "Heri ya sikukuu." Kiboko akauliza, "Sikukuu gani? Mbona huitaji? Unaficha nini?" Mlyamlya.

Basi wakaogopa. Wakaacha kushuka mtoni. Mbaya zaidi, wakaacha kusalimiana hata wao kwa wao. Swala akipita kwa Kanga anatazama chini, asije akasema kitu kikamkera mtu. Mtaa ukawa kimya kama nyumba iliyohamwa.

Na Bi Kobe je? Siku moja Pimbi alipanda juu ya jiwe, akatazama ng'ambo. Akamwona bibi amekaa mlangoni, shingo imekuwa nyembamba kama uzi, anatafuna jani kavu. Pimbi akaumia moyo. Huyo bibi ndiye aliyembeba juu ya gamba lake alipokuwa mchanga.

Akaenda kwa Swala. "Shoga, Kiboko alikwambia yeye ni nani?"

"Mkristo."

Kwa Tausi. "Mwislamu."

Kwa Kanga. "Mhindu! Nilisikia kwa masikio yangu."

Pimbi akacheka kwa meno yake mawili. "Mwezi huu ni mwezi gani?"

Mwaka ule, jamani, Ramadhani na Kwaresima ziliingia pamoja. Swala alikuwa amefunga, na Kanga alikuwa amefunga. Pimbi akawaomba wampikie Bi Kobe mchicha wa nazi. Kisha akawaambia wamfuate wote mtoni, mchana kweupe.

Blupu, blupu, mbwaaa!

"Nisalimie!"

"Nitakusalimia, Bwana Kiboko," akasema Pimbi, "ila nataka nisikosee. Swala anasema wewe Mkristo. Tausi anasema Mwislamu. Kanga anasema Mhindu. Ni nani kati yao uliyemdanganya, ili tujue ni sahani gani ya kurudishwa?"

Kiboko akawatazama. Macho manane, na ya vitoto ishirini na mawili. Akiri uongo? Arudishe biriani ya tangu mwaka jana? Akavimba.

"Mimi sidanganyi! Mimi ni wa zote tatu!"

"Hongera!" akasema Pimbi. "Basi Ramadhani Karim, na Kwaresima njema! Na kwa kuwa wewe ni Mhindu kama Tausi wetu, nyama na samaki huli, hongera tena. Hiki ni mchicha, ningekupa, lakini jua bado li juu. Mfungo mwema!"

Akapita. Hop, hop, juu ya mawe. Harufu ya nazi ikapita puani mwa Kiboko taratibu. Tumbo la Kiboko likanguruma, ngrrrr, akabaki mdomo wazi.

Jioni, adhana ilipomalizika tu, Pimbi huyo tena na bakuli. "Sasa nimefungua!" akasema Kiboko. "Leta!"

"Umefungua, alhamdulillahi. Lakini leo ni Ijumaa ya Kwaresima, na huu ni mchuzi wa nyama. Mfungo mwema!"

Kesho yake jioni: "Leo si Ijumaa!"

"Kweli. Ila huyu ni samaki, na Tausi anakutazama. Mfungo mwema!"

Mchana ilipita mboga, jioni ilipita nyama. Nyasi za ukingoni alikula kwa kujificha, lakini ladha ya biriani ilikuwa imeshamharibu. Na Pimbi, nisiwafiche, kila safari alionja kidogo njiani. Alionja mpaka akawa mviringo.

Siku ya kumi Kiboko alikaa kwenye tope, machozi yakimtoka matone makubwa kama maembe.

"Pimbi, nimeshindwa. Mimi si wa popote."

"Kwa hiyo ulikula kwa uongo?"

"Nilikula kwa uongo. Nilipohamia hapa, sahani zilikuwa zinapita puani kwangu, sikukuu hadi sikukuu. Hakuna aliyenijua. Hakuna aliyesema, 'Jirani, karibu.' Nikasema moyoni, kama hawanipi, nitachukua."

Pimbi akatafuna taratibu. "Si ungeomba?"

"Na mdomo huu? Nikiufungua tu watu wanakimbia."

Hilo hawakuwa wamelifikiria. Pimbi akarudi akawaeleza wenzake. Swala akaona haya. Kanga akasema bado ana hasira na pilau yake, na vitoto vikamuunga mkono. Tausi akasema, "Hasira unayo haki nayo. Lakini ni kweli hatukumkaribisha." Mwisho wakakubaliana kumpa kazi kwanza, chakula baadaye.

Idi Ndogo ikafika, na Pasaka nyuma yake kidogo. Asubuhi ya Idi, Kiboko alivuka mto akiwa na Bi Kobe mgongoni, amembeba kama yai. Mikeka ikatandikwa kwa Swala. Swala akaja na sahani.

"Idi Mubarak, Bwana Kiboko."

Kanga akavikusanya vitoto chini ya bawa.

Kiboko akafikiri, akakohoa. "Na kwako pia, jirani," akasema, kwa sauti ndogo isiyolingana na mwili.

Swala akamwekea biriani. Ilipotelea ulimini kama punje. Akaongezewa, akaongezewa tena. Mara ya nne Kanga mwenyewe ndiye aliyempakulia, akimwambia asidhani amesamehewa.

Wakamgeukia Bi Kobe. "Bibi, siku zote tumekusalimia kila namna. Wewe hasa unapenda salamu ipi?"

Bi Kobe akalamba kijiko. "Yoyote, wanangu. Ila isije peke yake."

Hadithi yangu imevuka mto, miguu imelowa, inataka kulala.

Na funzo lake? Funzo ni kwamba salamu za sikukuu ni kitu cha hatari sana. Sikukuu ikifika msimsalimie mtu, msimkaribishe mtu, fungeni milango. Na sahani zote zileteni hapa kwangu, niwatunzie mimi. Biriani iwe ya moto.