Matanga ya Mama Perege

Maji, maji?
Tunakunywa.
Ya bwawa?
Yenye uhai.

Basi kaeni vizuri, na wewe wa nyuma acha kutafuna. Leo mtacheka, lakini si mpaka mwisho.

Hapo kale palikuwa na bwawa, na bwawa lilikuwa na kijito. Kijito kiliruka kutoka jiweni, chwaa, chwaa, chwaa, kikaangukia bwawani kwa povu jeupe. Maji yakianguka na kuruka huchukua hewa, na hewa ile ndiyo pumzi ya samaki.

Akaja Kiboko. Akalala pale pale kijito kinapoangukia, akafumba macho.

"Pananikuna mgongo," akasema. "Hapa pangu."

Maji yakamteremka mgongoni kimya, bila chwaa, bila povu. Bwawa likatulia tuli. Kila alfajiri samaki wakapanda juu kutafuta hewa, vinywa wazi: pwa, pwa, pwa.

Wote walipanda, isipokuwa Mama Perege. Yeye alikuwa amewaficha watoto wake kinywani, kama ilivyo desturi ya perege. Akipanua kinywa, watoto watatoka, na huko nje hakuna pumzi. Akakifunga. Matamvua yake ya kupumulia yakampiga haraka haraka.

Chura, shoga yake, akamwendea. "Shoga, panua kidogo."

Mama Perege akatikisa kichwa.

"Shoga, utakufa."

Akatikisa kichwa.

Chura akalia. Kisha akafikiri, maana yeye akili humjia akishalia. Akaenda kwa Kiboko, top, top, top.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Usinisumbue."

"Nimeleta habari za msiba. Mama Perege ametutoka. Matanga ni sasa hivi, katikati ya bwawa."

"Wamepika nini?"

"Mabua ya mpunga, mabichi, lundo zima. Ila kwa desturi yetu, anayelia sana na kupiga maji sana ndiye anayekula kwanza."

Kiboko akafumbua jicho moja. "Na kama simjui marehemu?"

"Wasiomjua ndio wanaolia vizuri. Ila usikanyage tope, Bwana. Piga juu juu."

Kiboko akatoka. Nyuma yake kijito kikaanguka tena, chwaa. Mbele yake maji yakaruka, tubwi!

"Mama Perege weee, umetuacha!" Tubwi! "Alikuwa mwema!" Tubwi! "Alinipenda mno!" Tubwi!

Hakuwahi kumwona hata siku moja. Bwawa likajaa povu. Samaki wakashuka mmoja mmoja, pwa zikanyamaza. Chura akapiga mbizi mpaka kwa shoga yake.

"Panua sasa. Maji yamepona."

Mama Perege akapanua kinywa. Watoto wakatoka, mmoja, mwingine, kundi zima, wakaogelea ndani ya povu. Mama yao akabaki hivyo hivyo, kinywa wazi, akalala ubavu taratibu. Alikuwa amejizuia muda mrefu mno.

Chura aliutangaza msiba kwa uongo, na msiba ukaja kweli. Akapanda juu ya jiwe, akakaa.

Kiboko akamjongelea, amechoka, anahema. "Nimelia vya kutosha? Sahani yangu iko wapi?"

Chura akamwonyesha Mama Perege, anaelea.

"Ndiye huyu?" akauliza Kiboko. "Mdogo hivi?"

"Ndiye."

Kiboko akamtazama kidogo. "Na mabua?"

Chura akawatazama watoto wa shoga yake. Akafuta macho. "Wapishi wako njiani, Bwana. Wewe endelea kulia."

Kiboko akaendelea. Tubwi! Kila alfajiri aliuliza, na kila alfajiri wapishi walikuwa njiani. Watoto wa perege wakakua. Jua likizama, Chura hupanda jiweni akamwita shoga yake, akamwita, akamwita. Mmemsikia hata leo. Mkasema anaimba.

Funzo lake ni hili, wanangu: ukialikwa matanga, hakikisha kwanza chakula kimeiva. Na ukimwona mama amefunga kinywa, usimsumbue. Ameshiba huyo.

Maji, maji?
Tumekunywa.
Bakizeni kidogo. Mna watoto wa watu humo ndani.