Mama Sekela na Droni ya Ghalani

Hii nimeikuta kwenye kundi la mashemeji, na siwezi kukaa nayo peke yangu. Soma, kisha msukumie mwenzio.

Chama cha wakulima wa mpunga kilinunua droni ya kunyunyizia dawa. Kilihitaji rubani mmoja tu. Wakajitokeza wawili: Ipyana, kijana wa maneno mengi, na mama Sekela, aliyebeba bomba la dawa mgongoni miaka kumi na mbili mpaka kiuno kikagoma. Akikosa kazi hii, anarudi kwenye bomba.

Mwenyekiti, mzee Mwasomola, akawapa kila mmoja droni ndogo ya kujifunzia, na wiki tatu.

Ipyana akaenda uwanja wa mpira. Siku ya pili tu droni yake ilikuwa juu kuliko mnara wa simu, watu wanashangilia.

Sekela akajifungia kwenye ghala tupu. Akachora duara kwa chaki, akaiinua droni usawa wa kifua, basi. Ikawa inateleza huku na huku, anairudisha. Ikimgeukia uso, akibonyeza kulia inakwenda kushoto, puu, ukutani!

"Kulia gani huku?" alifoka. "Labda kulia kwa machozi!" Akaiokota, akaanza upya.

Ipyana akachungulia mlangoni. "Mama, wiki ya pili hii bado uko kifuani? Wenzio tuko mawinguni!"

"Paa tu, mwanangu. Mimi nataka kwanza initii."

Siku ya mtihani wanachama walijaa shambani. Mzee akachukua rimoti ya Ipyana, akabonyeza kitu, akamrudishia. "Haya, isimamishe hewani dakika moja."

"Hiyo tu?" Ipyana akacheka, akainua. Kaupepo kakapita, droni ikaondoka nako. Akaivuta, ikapitiliza. Akaigeuza, ikamjia mwenyewe. Chubwi, mferejini!

"Umeiharibu, mzee! Siku zote inasimama yenyewe!"

"Nimezima setilaiti tu, ile inayoielekeza droni isimame wapi. Ndiyo iliyokuwa inakushikia. Ikikatika juu ya mashamba ya watu, dawa itamwagikia wapi?"

Akazima na ya Sekela. Mama wa watu wala hakushtuka. Chini ya bati la ghala setilaiti haikuwahi kumfikia, hata hakujua kama kuna msaada wa namna hiyo. Dakika ikaisha, na ya pili, droni imetulia tuli.

"Basi mama, shusha, kazi ni yako," mzee akasema.

Akashusha, akajipigia kigelegele mwenyewe bila kusubiri mtu.

Funzo: Usione haya kujifunzia mahali padogo na pagumu; huko ndiko utakakojua kipi unakiweza mwenyewe na kipi ulikuwa unashikiwa.