Pazia la Ndeonasia

"Mchora mji wa mbali huchora kwao."

Vijana waliokuwa wakimenya ndizi za harusi ya Gidioni waliisikia methali hii kwa shangazi yake, wakacheka bila kuielewa. Kisha wakamgeukia Bibi Aikande.

"Bibi, nani huyo aliyechora?"

Bibi hakuacha kumenya. Chimbuko lake, aliwaambia, ni studio moja ya picha mjini Moshi, na mwanamume aliyetaka kwenda Harar.

Mwanamume huyo aliitwa Elinami. Nyuma ya kiti cha wateja wake palining'inia pazia la turubai lililochorwa na mkewe, Ndeonasia. Ndeonasia alikuwa amelichora kwa kutazama kalenda iliyokuwa na picha ya Harar, mji wa kale wa Uhabeshi uliozungushiwa ukuta wa mawe. Kalenda ililiwa na mchwa, pazia likabaki. Kizazi kizima cha watu wa Moshi kilipigwa picha mbele ya mji ule: maharusi, watoto wa kipaimara, askari waliokuwa wakienda kozi. Wako waliowatumia jamaa zao picha hizo wakidai wamefika Uhabeshi, na jamaa wakaamini.

Ndeonasia mwenyewe hakupigwa picha. Kila mumewe alipomwita asimame, alijibu kwamba yeye ni mtu wa nyuma ya pazia. Lakini jioni, wateja wakiisha, alizoea kugusa kona ya chini ya turubai, upande wa kushoto.

"Baba Nsia, siku moja unipeleke hapa."

"Harar?"

"Hapa."

"Mwaka kesho, mama."

Mwaka kesho ulikuja mara nyingi. Kisha Ndeonasia akafariki, na siku ya mazishi, yeye mke wa mpiga picha, hapakuwa na picha ya kuweka juu ya jeneza lake. Walikuza ile ya kadi ya kupigia kura, uso ukatoka umefifia kama wa mtu aliye ndani ya chandarua. Elinami aliamua kwamba ahadi ataitimiza, hata kama aliyeahidiwa hayupo. Atakwenda Harar, atafika pale alipopagusa mkewe, atatandaza kanga yake, apapige picha.

Aliipanga safari kwa uangalifu wa mtu anayeogopa kukosea tena. Pasipoti aliipata. Kamera aliipeleka kusafishwa lenzi. Hakutaka kukaa siku nyingi, maana studio ndiyo iliyokuwa ikimlisha, kwa hiyo kila asubuhi na kila jioni ya safari ilibidi ijulikane itakuwa na kazi gani. Kwa hilo alimhitaji Redwan, kijana aliyezaliwa Harar, akaoa Moshi, na sasa alikuwa na mgahawa mtaa wa nyuma. Alimwomba aje studio amwonyeshe juu ya pazia wapi ni wapi.

Siku hiyo hiyo alimwita shemeji yake Mkunde, mdogo wa marehemu, ateremke kutoka kwao Kilema, mlimani, amchagulie kanga ya kubeba. Mkunde alikuwa hajawahi kuingia studio hiyo, na sababu ilijulikana. Miaka mingi nyuma, baba yao alipozikwa kule Kilema, Elinami alikwenda na kamera, akawapiga picha waombolezaji. Kaka yao mkubwa, Ndekirwa, alimsimamisha mbele ya watu. "Shemeji gani huyu? Jicho moja linalia, jingine linatafuta wateja!" Watu walicheka, msibani. Elinami alifunga kamera, akaapa kutokanyaga tena kihamba kile, shamba la ukoo wa mkewe. Ndeonasia naye aliacha kwenda kwao, kwa kumheshimu mumewe, na watu wa kwao wakaacha kuja.

Redwan alisimama mbele ya pazia, mikono nyuma kama mkaguzi.

"Huu ukuta ni wetu, mzee. Lango hili nalijua, lipige asubuhi, jua likiwa bado halijapanda. Vichochoro hivi nenda jioni, kuta zake zina rangi, zitakupendeza. Mnara huu wa msikiti umenenepa kidogo, lakini tunausamehe."

"Na hapa?" Elinami aliweka kidole kwenye kona ya kushoto. Moyo wake wote ulikuwa kwenye kidole hicho.

Redwan aliinama, akatazama kwa muda. Pale chini ya ukuta palichorwa mfereji wa maji. Ulikuja ukinyooka, ukafika kwenye jiwe kubwa lililobonyea katikati, ukakata kona, ukapotelea kwenye migomba.

"Hapa sipajui."

"Tazama vizuri, mwanangu. Huenda ni upande ambao hukuzoea kupita."

"Mzee, mimi nimezaliwa ndani ya ukuta huu, na mama yangu alikuwa akitutuma maji mbali, ndoo kichwani. Kama mfereji ungekuwa hapa mlangoni, ningekuwa mtu mrefu kuliko hivi!" Alicheka, kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha. "Labda mchoraji alikuwa na kiu."

Elinami alisema basi atawauliza wazee wa huko. Alisema atauzunguka ukuta wote kwa miguu. Alikuwa bado anasema Mkunde, aliyekuwa ameingilia mlango wa uani, alipotoka chumba cha nyuma na kanga mbili begani, akaliona pazia kwa mara ya kwanza. Kanga moja ilianguka, hakuiokota.

"Shemeji," alisema, "nani kakuambia hapa ni Uhabeshi?"

"Dada yako ndiye aliyechora."

"Najua ni dada. Hili jiwe tulikuwa tunalikalia zamu kwa zamu, mmoja anakinga maji, mwingine anasuka nywele. Hapo kwenye kubonyea ndipo alipokuwa anaweka kisigino. Huu ni mfereji wa nyumbani, chini ya migomba ya baba. Wewe umekuwa ukiwapiga watu picha Kilema miaka yote hii, shemeji, hujui?"

Redwan aliokota ile kanga, akaiweka juu ya kiti taratibu, akaaga.

Elinami alikaa kwenye kiti cha wateja, mgongo kwa pazia. "Mbona hakuniambia?"

"Angekuambia nini? 'Nipeleke kwetu'? Wewe uliapa mbele ya watu. Angekuomba uvunje kiapo, ukikataa ameaibika, ukikubali umeaibika. Akakuomba mji usio na ugomvi." Mkunde alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Mchora mji wa mbali huchora kwao, shemeji. Alichora na ukuta mzima ili kona hii isionekane."

Hapo safari ya Harar ikaisha kabla ya kuanza. Elinami aligundua kwamba kwenda Uhabeshi kulikuwa rahisi. Huko hakuna ambaye angemwuliza alikuwa wapi. Kilema ni mwendo wa asubuhi moja tu, na siku mbili nzima alishindwa kuinuka kitini. Siku ya tatu alikata jani la isale, lile ambalo Wachaga hulifunga fundo na kumpelekea mtu wanayemwomba radhi. Mwenye kuletewa isale hafukuzi mtu.

Ndekirwa, ambaye sasa alikuwa mzee wa kutembelea fimbo, alikutana naye kwenye mlango wa kihamba. Alilitazama jani, akatazama kamera iliyoning'inia shingoni mwa Elinami, akalitazama tena jani.

"Umekuja na vyote viwili."

"Nimekuja na vyote viwili, shemeji. Hiki nimekuletea wewe. Kingine ni cha dada yako."

Mzee alilipokea jani kwa mikono miwili. "Siku ile na mimi nilikuwa na mdomo," alisema hatimaye. "Umechelewa, lakini pita."

Walishuka pamoja hadi kwenye mfereji. Maji yalikuwa machache, maana watu walikuwa wamevuta mabomba, lakini jiwe lilikuwepo na kubonyea kwake kulikuwepo. Elinami alitandaza kanga juu yake, akarudi nyuma, akapiga.

"Piga nyingine," Ndekirwa alisema. "Hiyo ya kwanza ulitetemeka."

Akapiga nyingine.

Hivyo ndivyo Bibi Aikande alivyowasimulia. Maneno ya Mkunde yaliteremka na wateja wa studio hadi sokoni, yakapanda tena vijijini, na leo watu huyasema bila kumjua mwenyewe. Mtu akikusifia mno mji ambao hajaufika, aliwaambia vijana, usiharakishe kumtafutia nauli. Muulize kuna nini huko, umsikilize mpaka mwisho, maana huenda anakuomba kitu cha karibu ambacho hathubutu kukitaja. Ndeonasia alikuwa ameomba kila jioni.

Mchora mji wa mbali huchora kwao.