Chameli na Shikamoo ya Tembo

Hapo zamani za kale, huko Bara Hindi, wanyama walipokuwa bado wanapika, wanafagia nyua zao na kusengenyana kisimani, aliishi kindi mmoja jina lake Chameli. Kaeni vizuri basi, na aliyekalia upindo wa kanga yangu aniachie.

Huyu Chameli alikuwa na shida moja tu, nayo ni hofu. Jani likianguka, moyo wake tu-tu-tu. Kivuli cha mwewe kikipita, tu-tu-tu. Hata akiwa ameketi na wanawe wanatafuna karanga, moyo tu-tu-tu mpaka karanga inamponyoka mkononi. Alikuwa amechoka, maskini. Alitamani ale mlo mmoja ashibe bila kutazama nyuma.

Kiangazi hicho msitu ulipata mgeni, ng'ombe mzee aitwaye Bi Gomti. Wote walimwita Mataji, yaani mama mheshimiwa, kwa sababu alikuwa mwalimu wa mambo ya Mungu. Elimu yake yote ilikuwa Jina moja la Mungu, na mwanafunzi akiwa tayari, alimnong'oneza sikioni. Ilisemekana kwamba aliyelipata Jina lile hatetemeki tena. Mataji alipewa kibanda chenye ua wa miiba, akasema atakaa mpaka mvua ya kwanza, kisha atavuka mto arudi kwao.

Ua ule ulikuwa mnene, hata panya hapenyi, na mlango ulikuwa mmoja. Na pale mlangoni nani walijiweka? Wakubwa, bila shaka. Tembo Mohanlal, Chui Milia Ranchhod na Dubu Jamnadas.

"Mzee Mohanlal," Chameli aliomba siku ya kwanza, "nami nina haja na Mataji."

"Elimu ni nzito, mtoto," Tembo akamjibu. "Itakuvunja mbavu." Akainua mkonga, fyuuu! Chameli akapeperushwa hadi kichakani.

Akarudi kesho yake. Fyuuu! Akaja na Panya, akaja na Kware, akaja na Chura. Fyuuu, fyuuu! Na jioni Mataji alipouliza kutoka ndani, "Hakuna mwingine huko nje?" wale watatu walijibu kwa sauti tamu, "Hakuna, Mataji. Ni sisi tu."

Mambo yakaenda hivyo mpaka asubuhi moja mawingu yakajikusanya. Chameli alikuwa juu ya mti wake, ng'ambo ya njia, aliposikia sauti ya Mataji. "Wanangu, mvua inakuja nami naondoka leo. Jina nitampa yule aliye mavumbi ya miguu ya wenzake. Mavumbi yaingie." Kisha akaendelea kusuka maziwa yake apate siagi, mti wa kusukia ukilia gubu-gubu, gubu-gubu.

Chameli moyo ukamwenda mbio. Leo, au basi tena.

Huku mlangoni wakubwa walitazamana. Sasa, wanangu, nyie mnamwamkia mkubwa shikamoo, na wazee wanatuambia maana yake ni "nashika miguu yako." Ila mnaishia mdomoni. Huko Bara Hindi mtu huinama akaigusa miguu kweli, na anayeguswa ndiye mkubwa. Kwa hiyo wale watatu walielewa upesi: anayetoa shikamoo ni mavumbi, anayeitikia marahaba amekwisha.

"Shikamoo, Ranchhod," akaanza Tembo.

Chui Milia akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Marahaba siitikii mimi! Shikamoo wewe!"

"Shikamooni nyote wawili," akasema Dubu, "kwa kuwa mimi ndiye duni kabisa."

"Duni wewe? Mbele yangu mimi?" akafoka Tembo.

"Mimi nilikuwa duni kabla hujazaliwa!"

Wakashikana mashati. Tembo alikuwa mavumbi, Dubu mavumbi laini zaidi, Chui akaapa kwamba atamng'oa meno yeyote atakayedai kuwa mnyenyekevu kuliko yeye.

Chameli alitazama, akacheka mpaka akakaribia kuanguka. Halafu akaacha kucheka. Alishuka mtini, akajipangusa manyoya, akapita njiani taratibu na mikono mgongoni, kama mtu aliyekuwa akienda zake.

"Mnapoteza muda, wakubwa zangu," akasema.

"Usituite wakubwa!" wakafoka wote.

"Haya. Lakini mnaamkiana mkubwa kwa mkubwa. Hata mwizi humwamkia mkubwa, tena kwa adabu. Hayo si mavumbi. Mavumbi ni mkubwa akimwamkia mdogo."

Tembo akapiga masikio, pa, pa. "Mdogo yupi?"

"Hilo sasa ndilo gumu. Wadogo wote mmewapeperusha."

Wakamtazama. Yeye akatazama mawingu.

"Wewe hapo ni mdogo," akasema Dubu.

"Mimi? Hapana, mimi nina karanga motoni. Zitaungua."

"Tafadhali, Chameli."

"Wanangu wananingoja."

"Tunakusihi, Bi Chameli!" Tembo alikuwa karibu kulia. "Shikamoo, Bi Chameli."

Chameli akatega sikio, kisha akatazama vidole vya miguu yake. "Mbona sijahisi mtu akinishika miguu?"

Na kindi, wanangu, miguu yake iko wapi? Iko chini kabisa. Tembo akapiga magoti. Haikutosha. Akalala kifudifudi kizingitini pa mlango, puuu! Vumbi likatimka. Chui Milia kuona hivyo, akajitupa pembeni yake ajibane chini zaidi. Dubu naye akaingiza kichwa chini ya tumbo la Chui, wakasukumana, mpaka mlango mzima ukawa mgongo wa Tembo na ngozi za wenzake.

"Fumbeni macho," akasema Chameli. "Mavumbi hayakodoi. Wala hayasemi."

Wakafumba. Yeye akapiga mluzi, chik-chik-chik!

Kichaka kikatikisika. Panya akatoka na watoto wake, Kware na dada zake, Nguchiro, mjusi, konokono, na Chura nyuma kabisa, anachechemea. Wakapanda mgongo wa Tembo mmoja mmoja, na kila aliyepita alisema kwa heshima, "Marahaba, mwanangu. Marahaba."

"Hawa wanakwenda wapi?" Dubu akaguna kutoka chini.

"Mavumbi hayaulizi," Chameli akamjibu, naye akapita.

Ndani alimkuta Mataji akisuka maziwa. Moyo wa Chameli ulikuwa tu-tu-tu kuliko siku zote, na maneno yote aliyokuwa ameyapanga yakamtoka kichwani.

"Mataji, mimi si mavumbi. Nimewahadaa wale nje ili tuingie. Ni mwoga tu niliyechoka na woga."

Mataji alicheka mpaka kengele ya shingoni ikalia. "Sogea," akasema, akainama, pua yake yenye unyevu ikamgusa Chameli sikioni. "Moyo wako unasemaje?"

"Unasema tu-tu-tu, Mataji. Kila nikiogopa."

"Na tu kwa lugha yetu maana yake nini?"

Chameli akafungua mdomo. Kwa lugha ya kwao, tu maana yake ni Wewe.

"Basi hilo ndilo Jina," Mataji akanong'ona. "Unamwita tangu uzaliwe. Ulikuwa ukidhani unakimbia, kumbe unamwita."

Chameli akaweka mkono kifuani. Wewe, Wewe, Wewe. Machozi yakamtoka kwa furaha, akaanza kucheza, na Panya akacheza kwa sababu Chameli anacheza, na Kware wakapiga mabawa, na Mataji akawanong'oneza wote waliofika, mmoja baada ya mwingine, hata konokono aliyechelewa.

Tone la kwanza la mvua likadondoka, to! Mataji akachukua fimbo yake. Hapo Chui Milia akafumbua macho, akaona nyayo za panya kwenye pua yake.

"Tumechezewa!" akanguruma, akainuka, na Dubu akaviringika. "Wadogo wote wako ndani! Na mimi ndiye niliyelala chini kuliko wote!"

"Wewe? Mimi nilikuwa chini yako!"

Ikawa vita upya. Ila Tembo alikuwa bado amelala.

"Mohanlal, huinuki?" Mataji akauliza.

"Siwezi, Mataji," Tembo akasema polepole. "Kuna chura mgongoni, mguu wake mbovu, hajafika. Nikiinuka ataanguka."

Alikuwa amesahau Jina, amesahau na mavumbi. Mataji alimsubiri Chura afike, akamnong'oneza naye, kisha akainama kwenye sikio lile kubwa kama ungo, akanong'ona. Tembo akacheka kwa sauti iliyotikisa ua mzima. Na Mataji akavuka mto mvuani.

Chameli? Jioni ile kivuli cha mwewe kilipita, naye akakimbilia tunduni kama kawaida, maana kuwa na Jina si kuwa mjinga. Ila humo ndani moyo uliposema tu-tu-tu, aliitikia, "Naam, Wewe," akamega karanga yake, akala mpaka akashiba.

Chui na Dubu nasikia bado wanagombana pale mlangoni, nasi tuwaache huko huko na mvua yao: unyenyekevu ukiugombea, umekwisha kuupoteza.