Kumngoja Kinyonga wa Tatu

Sogeeni, lakini msiniitikie kwa shangwe. Hadithi nyingine huitwa zije. Hii ilikuja yenyewe, na tangu ije sijapata usingizi mzuri. Na nikimsikia mtu anakata hukumu kabla sijamaliza, nitamtoa nje, hata akiwa shemeji yangu.

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya wafalme na majini, ni ya juzi tu, simu zikiwa zimeshaingia hadi jikoni, palikuwa na mji mlimani. Hospitali kubwa ilikuwa chini, bondeni. Ukitaka kwenda huko sharti kwanza upande kilima cha kutokea mjini, ndipo barabara ishuke, ishuke, ishuke mpaka masikio yazibe.

Mjini hapo aliishi dereva wa teksi, Mzee Shemweta. Gari lake lilikuwa la aina ile inayotumia petroli na umeme kwa pamoja. Watu waliliita gari hilo Kinyonga, maana hujui amebadilika saa ngapi: sasa ananguruma, sasa kimya. Akishuka mlima, betri inajijaza yenyewe. Akipanda, betri inaisaidia injini. Wenzake wakiwa kwenye foleni ya mafuta, Mzee Shemweta yuko barazani anakunywa kahawa na kuwacheka.

Raha hiyo haikudumu. Yakaja magari ya makampuni mengine, nayo ya petroli na umeme, mapya zaidi, bei nafuu zaidi. Zikaja bajaji. Kisha akaja Shechambo, kijana wa jirani, na gari la umeme mtupu, lisilojua hata harufu ya petroli. Halikuwa na sauti kabisa, wakalibatiza Bubu. Wateja wakahamia kwa Bubu.

"Shikamoo mzee," Shechambo husema kila asubuhi kituoni. "Huyo Kinyonga bado hajaacha kunywa?"

"Marahaba. Anakunywa kidogo, kama mtu mwenye adabu. Wako umeme ukikatika analala njaa."

Watu wanacheka. Wao wenyewe wanacheka pia, ila kicheko cha Mzee kilikuwa kinaishia mdomoni.

Wakipishana barabarani, Mzee hunyanyua kofia yake na kuipunga, maana yake: kula vumbi. Shechambo hujibu kwa honi ndefu, maana yake: tutaonana mbele. Kila siku hivyo. Mwanzoni ulikuwa mchezo.

Sasa sikilizeni habari ya kungoja. Gari la Mzee lilikuwa Kinyonga wa kizazi cha pili. Ikaingia habari kwenye simu kwamba wa kizazi cha tatu anatengenezwa. Atapanda mlima kwa umeme peke yake. Atawapiku wote. Atakuja mwaka huu. Mwaka ukaisha. Atakuja mwakani. Mwakani ukafika, ukaisha. Palikuwa na picha moja, amefunikwa turubai, zinachungulia taa tu. Mzee Shemweta aliitazama picha ile kama mtu anayeutafuta mwezi wa Idi.

"Akija huyu," husema, "Bubu atabeba kabichi."

Mkewe, Bi Mkunde, akamwambia, "Baba Mboni, wenzio wananunua. Sisi tunangoja tu."

"Mvumilivu hula mbivu."

Bi Mkunde akarudi kwenye cherehani yake. Nyumbani kwao methali ikishatajwa, shauri limekwisha.

Bi Mkunde alikuwa mshonaji. Akawaza: mpya akija, huyu tuliye naye itabidi auzwe, na akiuzwa na viti vichakavu tutapewa bei ya kutupa. Akashona kava za viti, za kitambaa kizito cha makochi, zenye pindo, akazichomeka pande zote zikakaa kama ngozi. Kila aliyepanda alisifu. Hakuna aliyemwambia, kwa kuwa hakuna aliyejua, kwamba ubavuni mwa kiti cha nyuma cha Kinyonga pana tundu. Hapo ndipo betri inapovutia hewa. Ukiliziba tundu lile betri inapata joto, na ikipata joto siku baada ya siku, inakufa taratibu.

Nimesema hakuna aliyejua? Nimekosea. Alijua mmoja.

Mboni, mtoto pekee wa Mzee na Bi Mkunde, aliolewa na Hemedi, fundi wa magari ya namna hiyo hiyo. Siku moja ikawaka taa nyekundu kwenye dashibodi ya Kinyonga. Mzee akampelekea mkwewe. Hemedi akapima, akasema huku ameinamisha kichwa, "Baba, betri imechoka. Ingefaa tubadilishe."

"Anayehama hapaki nyumba rangi," Mzee akasema. "Mpya yuko njiani. Wewe zima hiyo taa tu, inanitishia wateja."

Hemedi akaizima taa. Kisha akafungua mlango wa nyuma alitazame lile tundu, akakuta limefunikwa na kava ya mama mkwe wake. Akashika pindo. Akaliachia.

Mnaujua ukwe ninyi. Mtu hali mbele ya mama mkwe wake, wala hapiti mbele yake bila kujikunja. Leo aifumue kazi ya mikono yake, tena amwambie imeharibu gari? Hemedi akaona bora angoje siku nyingine, apate maneno mazuri ya kusemea. Akafunga mlango. Naye akaingia katika kungoja.

Mboni hakujali magari. Alikuwa na mimba, baada ya miaka mingi ya kuulizwaulizwa na mashangazi. Kwa kuwa ilikuwa mimba ya kwanza, alirudi kwa mama yake ajifungulie huko na kumalizia huko arobaini yake, kama ilivyo desturi. Jioni baba yake akimwonyesha ile picha, "Hebu tazama taa zake, mwanangu," Mboni huushika mkono wa baba na kuuweka tumboni.

"Na wewe mshike huyu, baba. Huyu hawamwahirishi."

Mzee alikuwa akicheka kwa furaha. Alimpenda mjukuu yule kabla hajamwona, msije mkamdhania vingine.

Uchungu ulimshika mchana, jua likiwa kali. Baba yake akampeleka zahanati ya pale mjini, Hemedi akawakuta huko; nesi akampima, akatoka upesi. "Mtoto ametanguliza miguu. Hapa hatumuwezi. Teremkeni hospitali sasa hivi."

"Nikimbie kituoni nikamwite Shechambo," akasema Hemedi.

"Kinyonga huyu hapa mlangoni," akasema Mzee. "Tumwache aliyepo tukamtafute asiyekuwepo?"

Niambieni kama ile ilikuwa haraka au ilikuwa ujeuri. Mimi nimeshindwa. Hemedi akalitazama gari, akamtazama mkewe, akafungua mdomo. Baba mkwe alikuwa ameshawasha. Hemedi akapanda.

Mbele, Mzee na Hemedi. Nyuma, Mboni na mama yake. Bi Mkunde alikuwa ametandika kanga na mito juu ya zile kava ili mwanawe asiumie. Wakaanza kupanda kilima. Mboni analia, Mzee anakanyaga mafuta, Kinyonga anahema. Nusu ya kilima, Kinyonga akatikisika, akasimama. Petroli ilikuwamo tele. Lakini gari lile ndivyo lilivyoundwa: betri ikifa, injini haiwaki peke yake.

Simu hazikushika mtandao kwenye kona ile. Hemedi akaruka nyuma, akang'oa mito, akaipasua kava mbele ya macho ya mama mkwe wake. Betri ikamuunguza vidole.

"Hemedi, baba, unapasua nini?"

"Mama, hapa ndipo inapohemea."

"Umejua tangu lini?"

Hemedi akaendelea kupasua.

Ndipo Bubu akatokea kwa chini, anapanda, amejaza abiria. Mzee Shemweta akakimbilia katikati ya barabara, akanyanyua kofia, akaipunga kwa nguvu zake zote. Shechambo akapiga honi ndefu, akamkwepa, akapita.

Waliokuja kuwachukua walikuwa watu wa lori la kabichi, jua likiwa limeshainama. Mboni alilazwa juu ya kabichi, mama yake amemkumbatia. Wakafika hospitali. Mtoto alikuwa wa kiume, mnene, kamili kila kidole. Hakulia. Mboni waliweza kumwokoa kwa kisu, na kwa kisu hicho hicho ikawa hatazaa tena.

Nani anasonya huko nyuma? Sonya, una haki.

Wakamzika. Mboni akarudi kwa mama yake, akalala na kuutazama ukuta. Maziwa yalimtoka na hapakuwa na wa kumnyonyesha. Bi Mkunde alimkanda kwa maji ya moto kama mzazi mwingine yeyote.

Na katika wiki za mwisho za arobaini ile, Kinyonga wa tatu akafika. Ndiyo, alifika. Ni mzuri, nisiwadanganye, kile kilima anakipanda kama anateremka. Mwuzaji akampigia Mzee simu kumpongeza, kwamba kungoja kwake hakukwenda bure. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akasema ahsante, akazunguka nyuma ya nyumba akatapika.

Arobaini ikaisha. Hemedi akaja kumchukua mkewe. Siku hiyo Shechambo naye akabisha hodi, akaketi karibu na mlango, hakuna aliyemkaribisha wala aliyemfukuza. Wa kwanza kusema alikuwa Bi Mkunde.

"Mwanangu, ni mimi. Mikono hii ndiyo iliyoliziba lile tundu. Sikujua. Lakini huko kutojua kwangu hakumrudishi mtoto."

"Mama hakujua," akasema Hemedi. "Mimi nilijua. Nililishika lile pindo, nikaliachia kwa kuona haya. Nikaizima na taa iliyokuwa inatuonya. Na siku yenyewe nilikuwa na sekunde moja ya kusema tusipande, nikapanda. Mke wangu, ni mimi."

Mzee Shemweta alikuwa amekaa na kofia magotini. Akaanza, "Wangemleta mwaka ule waliosema..." Hakuna aliyeinua macho. Akaiacha sentensi hapo. Baadaye akasema, "Fundi aliniambia betri imechoka, nikamfumba mdomo. Akataka kumwita Shechambo, nikakataa. Mimi ndiye mwenye gari, na mimi ndiye niliyewafundisha wote wa nyumba hii kungoja. Mama yako alishona kwa sababu yangu. Mumeo alinyamaza kwa sababu yangu. Ni mimi."

Shechambo akasema pale pale mlangoni, "Dada Mboni, mimi si wa nyumba hii, na sina ukwe wa kunizuia. Niliiona kofia. Nikasema ni dhihaka zetu zile zile. Nilipopita nikatazama kwenye kioo nikamwona mzee anakimbia nyuma yangu. Mzee Shemweta hakimbii. Nikajua Kinyonga amekufa. Nikafurahi. Nilisema moyoni, kuanzia kesho kituo ni changu. Kwamba wewe umo ndani sikujua, Mungu ananiona. Ila niliona mtu mzima anakimbia, na sikusimama. Ni mimi."

Basi wakawa wanne, kila mmoja anasema ni mimi, na nyumba nzima haina wa kubisha.

Mboni akainuka. Mnajua mzazi akitoka arobaini, akiondoka kwao, hupeana mkono na kila mtu, wakaombana radhi, ndipo avuke kizingiti. Akafunga kanga yake vizuri. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake tangu hospitali.

"Nimelala humo ndani najaribu kuwachukia wote wanne," akasema. "Sikuweza. Ninyi ndio watu wangu, nikiwachukia wote nitaishi na nani? Nikajaribu kuwasamehe wote wanne. Hilo nalo nimeshindwa. Nikiwasamehe wote, itakuwa mwanangu hakuuawa na mtu, alijifia tu, kama kuku. Alikuwa mtu. Mtu aliyeuawa ana aliyemuua."

"Mboni, mwanangu..." akasema mama yake.

"Niache, mama. Mikono mitatu nitaipokea, na yaishe, sitayataja tena mpaka naingia kaburini. Mmoja sitaupokea. Leo siupokei, na siku ya kufa kwangu asije kunishika. Nyoosheni."

Wakanyoosha. Hakuna aliyeficha mkono wake. Mkono wa mama uliochomwachomwa na sindano. Mkono wa mume, vidole vyake vina makovu mapya. Mkono wa baba, uliowahi kuwekwa juu ya tumbo lile. Na mkono wa jirani, kule mlangoni, mbali kidogo na mingine.

Mimi nilikuwapo, nimekaa na wanawake wenzangu upande wa jikoni, na ninawaambia kila mkono pale ulikuwa unaomba uachwe. Mboni akautazama mmoja mmoja. Kisha akageuka, akatutazama sisi tuliokaa, akauliza, "Mbona hamniambii ni upi?" Tukainamisha vichwa, wazee kwa vijana.

Haya, msiniambie ni kazi ya Mungu. Mungu hakunyoosha mkono sebuleni pale. Msiniambie wote, maana amesema mmoja. Na usiniambie hakuna, wewe uliyewazaa wako wakalia. Aliyeziba bila kujua, aliyejua akanyamaza, aliyengoja akawangojesha wenzake, na aliyeona akapita. Mboni bado amesimama pale, mikono minne iko mbele yake, na Hemedi amekuja kumchukua.

Je, ni mkono wa nani uliostahili kuachwa hewani?